Mama Aliyeongea na Sufuria

Mimi ni mtu wa vyeti, na sioni haya kusema hivyo. Stashahada yangu ya umeme imetundikwa ukutani juu ya meza yangu hapa Morogoro, ndani ya fremu niliyoichagua mwenyewe, na mteja anayeingia huiona kabla hajaniona mimi. Niliipata Johannesburg kwa masomo ya jioni pale Braamfontein, mchana nikiwa juu ya ngazi navuta nyaya kwenye maofisi ya Marshalltown. Nilikwenda kule nikaanza kwa kulinda geti la watu, nikarudi na karakana, gari la kazi na mafundi wanaoniita bosi. Hakuna aliyenishika mkono. Kwa hiyo ninapomwandika mtu niliyebishana naye kwa miaka bila kumshinda, msomaji ajue kwamba si kila mtu hupata nafasi hii.

Alikuwa mama mwenye nyumba wangu. Nilipanga chumba chake cha uani, Soweto, kuanzia mwaka 2015 hadi nilipofunga mizigo ya kurudi. Jina lake analo, lakini mimi sikuwahi kulitumia, na hapa sitaanza. Alikuwa Mtanzania mwenzangu, ameolewa na Msauzi aliyekulia Morogoro wakati wazazi wake wako uhamishoni. Mumewe aliendesha mabasi ya mwendokasi ya mjini, mtu mpole, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha wengi wetu tuliozaliwa nacho. Walikuwa na watoto watatu: Lindiwe, binti mkubwa, Themba, wa katikati, na Neema, kitindamimba. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa akienda shule.

Niliingia pale Desemba, kule ikiwa ni kiangazi na shule zimefungwa, kwa hiyo sikushangaa kuwaona nyumbani. Januari ilipofika, siku moja asubuhi mtaa mzima ukajaa sare mpya na viatu vinavyong'aa. Wa kwetu walikuwa wamekaa juu ya ukuta wa mbele, wanakula mapichi ya uani na kuwapungia wenzao mkono. Nikamuuliza Mama Mwenye Nyumba shule ya watoto wake itafunguliwa lini.

“Haikufungwa,” akasema. “Itafunguliwaje?”

Nilicheka nikidhani ni utani, kumbe hakuwa anatania.

Nilijaribu kutafuta sababu. Majirani walisema hawana hela ya ada, na yeye aliwaacha waseme. Kanisani aliwaambia ameongozwa hivyo. Mama mkwe wake aliwahi kuambiwa kwamba Lindiwe ana kifua. Mimi nilipouliza nikaambiwa ni shida ya usafiri, na shule ilikuwa inaonekana kutoka jikoni. Kila aliyeuliza alipewa sababu yake, kama vile mtu anayegawa pipi. Mwishowe mumewe ndiye aliyenieleza, siku tuliyokuwa tunabadilisha betri ya gari lake. Lindiwe alipokuwa darasa la pili alikuja nyumbani akachora ng'ombe wa rangi ya zambarau, kisha akalia na kumfuta, kwa sababu hakuna ng'ombe kama huyo na angepewa sifuri. Mama yake akamwambia kesho asiende. Kesho yake pia hakwenda. “Basi,” mume akasema, akifuta mikono, “tukaendelea kutokwenda.”

Kilichonichanganya mimi ni kwamba huyu mama alikuwa mwalimu. Mwalimu hasa, wa kutoka chuo cha ualimu, aliyeshika chaki Tanzania kabla ya kuolewa. Nilikigundua cheti chake nilipotafuta uma: alikuwa amekitandika kwenye droo ya vijiko, kinazuia kutu. Mimi niliyekesha kwa ajili ya karatasi ya namna hiyo nilikitoa, nikakifuta, nikamwambia kwa heshima zote kwamba hicho ni kitu cha ukutani. Akakipokea, akakiangalia pande zote mbili, akakirudisha kwenye droo na kupanga vijiko juu yake.

“Wewe, Stashahada,” akasema, “njaa hujaimaliza? Kula.”

Tangu siku hiyo likawa ndilo jina langu. Aliniita Stashahada mbele ya wageni, mbele ya mchungaji, mbele ya bosi wangu. Alitaka kunitania, lakini mimi nililipenda jina lile na naliitikia hadi leo nikiitwa.

Hata hivyo, mwalimu hakuwa ametoka mwilini mwake. Kila mwaka, siku ile shule zinapofunguliwa, aliamka kabla ya wote, akanyoosha gauni lake la bluu kwa pasi, akachana nywele, akavaa viatu vya kufunga. Kisha akakaa jikoni kutwa nzima na gauni lile, hajaenda popote. Jioni alilivua na kulihifadhi hadi mwaka mwingine. Hakuna aliyemuuliza kuhusu gauni, na mimi, ambaye huuliza kila kitu, sikuthubutu.

Sasa niseme walivyoishi, maana watu wakisikia watoto hawasomi hudhani wanazurura. Kiangazi ndicho kilichoonyesha tofauti. Watoto wa mtaani wakifunga shule, siku mbili za kwanza wana furaha, ya tatu wanaanza kuning'inia kwenye geti letu wakilalamika kwamba hawana la kufanya. Wa kwetu hawakuwa na siku ya tatu. Themba alikuwa na mambo ya mvua. Johannesburg wakati huo wa mwaka mawingu hukusanyika alasiri, na mara nyingine hushuka mvua ya mawe ya kutoboa mabati. Watu wote wakikimbilia ndani, yeye alitoka na beseni kichwani kuokota yale mawe makubwa, akayaweka kwenye friza kila dhoruba na kibakuli chake. Nyama ya Krismasi ilikosa nafasi mwaka mmoja kwa sababu ya barafu ya Themba, na mama yake akapika maharage. Neema alikuwa na biashara ya barafu za vifuko ukutani. Aliyemsimulia hadithi asiyoijua alipata barafu ya bure, na kwa sababu hiyo kulikuwa na wazee wazima wamepanga mstari, wanatunga uongo juani.

Mtoto aliyesema amechoka kukaa, hana la kufanya, alipewa kiti. Kilikuwa kiti chekundu cha plastiki. Mama alimwambia akichukue, akiweke popote anapotaka, akae nacho mpaka apate wazo. Hakumpa wazo. Hata watoto wa jirani walipewa kiti hicho. Niliona mvulana mmoja wa mtaa wa pili amekikalia asubuhi nzima amenuna, halafu ghafla akainuka, akaomba koleo, akaanza kuchimba mfereji wa maji kutoka bombani hadi kwenye mapichi. Mfereji ule tuliuruka mpaka Pasaka.

Na jikoni kulikuwa na sheria ya lugha. Nje wasemeane Kizulu, Kiingereza, watakacho. Ukivuka kizingiti cha jikoni ni Kiswahili. Watoto waliozaliwa kule wengi hukisikia tu, wakijibu ni kwa lugha nyingine. Wa kwake walijibu. Mpaka watoto wa mtaa, wanaopita kuomba maji, walijua kusema “naomba” na “asante mama”, maana bila hivyo bomba la jikoni lilikuwa halitoi.

Lakini sheria kubwa ya nyumba ile ilikuwa moja, na ndiyo iliyoniudhi tangu mwanzo: hakuna anayesaidiwa kabla hajaomba, na hakuna anayeomba kabla hajajaribu hadi mwisho. Mama Mwenye Nyumba aliishika sheria hiyo kwa namna ya kutisha. Themba alipopika mara ya kwanza aliweka chumvi mara mbili. Mama alikula sahani yote, uso umetulia, akanywa maji, akashukuru. Mimi nilisukuma sahani pembeni na kusema ukweli. Aliniangalia kama mtu aliyepasua glasi ya watu. Baadaye alinieleza kwamba Themba alikuwa na ulimi, na ulimi wake ulikuwa unamwambia kila kitu, mpaka nilipoingilia kati.

Nilimwambia mimi nisingekuwa nilipo kama walimu wangu wangenyamaza. Fundi wa umeme akinyamaza mtu anakufa. Akakubali upesi kabisa, akasema umeme ni sawa nipige kelele, lakini chumvi haijaua mtu mezani kwake. Hivyo ndivyo alivyobishana: anakupa nusu ya hoja kwa ukarimu, unaondoka nayo umefurahi, ukifika chumbani ndipo unagundua kwamba ile nusu nyingine kabaki nayo yeye.

Aliyembana kweli alikuwa mama mkwe wake, bibi wa watoto, ambaye wote tulimwita Gogo. Alikuja Jumapili baada ya ibada, na kofia yake ya umoja wa akina mama. Kiswahili alikijua kutoka miaka ya uhamishoni, kimepata kutu lakini kinakata. Siku moja aliweka kikombe chini.

“Mimi nilitoka nchi hii nikiwa msichana, kwa ajili ya shule,” akasema. “Nimelala kwenye mahema kwa ajili ya shule. Wewe unawatoa wajukuu wangu shuleni kwa raha zako?”

“Mama, mlipigania tuweze kuchagua.”

“Tulipigania madawati. Huo mdomo wako hatukuupigania.”

Mama Mwenye Nyumba akacheka hadi akafuta machozi kwa kanga, akamwongeza chai mama mkwe wake, na mabishano yakaisha hivyo, hakuna aliyeshinda. Lakini Gogo alipokuwa anaondoka alinivuta pembeni. Alinambia wadogo watakua, Mungu yupo, ila Lindiwe anakaribia umri wa kuhitaji karatasi, na nchi hii haimfungulii mlango mtu asiye na karatasi. Nikamwambia Gogo amesema maneno yangu. Akanijibu alikuwa nayo kabla sijazaliwa.

Lindiwe wakati huo alikuwa ameanza kunifuata kazini. Mimi sikumwita. Kiangazi cha mwaka 2016 alisimama mlangoni kwangu asubuhi na viatu vigumu vya baba yake, akauliza kama anaweza kuja kutazama. Nikamchukua. Alishika testa kama aliyezaliwa nayo. Swali lake lilikuwa halirudiwi. Akishauliza, kesho yake unamkuta amefika mbali zaidi na swali jipya. Nimefundisha mafundi wengi tangu wakati huo, na nasema bila kumpendelea kwamba hajatokea mwingine kama yeye. Bosi wangu, mkandarasi, naye alimwona. Akasema binti aende chuo pale Braamfontein, apate sifa za kazi, akimaliza nimlete kwake. Na chuo hakipokei mtu asiye na matriki, yaani ule mtihani wa kumaliza sekondari.

Hapo ndipo mambo yote ya nyumba ile yalipowekwa kwenye mizani. Lindiwe aliutaka umeme kuliko kitu chochote, na kati yake na umeme kulikuwa na mtihani mmoja. Angeweza kuufanya akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Akatafuta karatasi za mitihani ya nyuma, akazitandaza kwenye meza ya jikoni, akakaa nazo Desemba nzima na Januari. Mvua ya mawe ikapiga, mapichi yakaiva yakaanguka, jamu ikaungua jikoni mbele ya pua yake, yeye hakuinua kichwa. Mama yake alipita nyuma yake na ndoo, na mboga, na nguo za kufua. Hakutazama karatasi hata mara moja. Nilimpongeza moyoni. Nilijua ni mwalimu, nikaamini kwamba mambo ya usajili ameyashughulikia kimyakimya, kama mwalimu yeyote ambavyo angefanya.

Mwanzoni mwa Februari Lindiwe alinambia, tukiwa juu ya dari ya ofisi moja, kwamba amemaliza. Karatasi zote amezifanya, zote anazipata. Sasa anaweza kwenda kujiandikisha. Uso wake ulikuwa umejaa vumbi na furaha. Mchana huohuo nilimpeleka mwenyewe kwenye ofisi ya watahiniwa, palepale Marshalltown, tukivuka roboti mbili tu, yaani taa za barabarani. Mama wa dirishani alikuwa mstaarabu. Alisema usajili wa mwaka ule ulifungwa Ijumaa. Lindiwe akamwambia labda hajaelewa, yeye amekwisha kujifunza yote. Yule mama akarudia, taratibu zaidi, kwamba ulifungwa Ijumaa.

Tukarudi Soweto. Tulipofika, mama yake alikuwa anachambua mchele.

“Mama,” Lindiwe akasema kwa Kiswahili, “ulijua kwamba usajili una mwisho?”

“Nilijua.”

“Ulijua ni lini?”

“Nilikwenda kuuliza mwezi wa kumi na moja.”

“Mbona hukuniambia?”

“Hukuniuliza.”

Mumewe alikuwa mlangoni na sare yake ya kazi. Mimi nilikuwa nyuma yake. Lindiwe akaweka mfuko wake mezani, akajibu kwa Kizulu, jikoni, mahali ambapo hakuna aliyewahi kukisema. Alimuuliza: nitaulizaje kitu nisichojua kwamba kipo?

Mama Mwenye Nyumba akafungua mdomo. Niliyemzoea nikangoja ile nusu ya hoja. Haikuja. Aliinamia mchele, akaendelea kuchambua, na nikaona anatupa mchele na kubakiza mawe.

Nimelifikiria sana jambo hili. Mzazi mwingine yeyote Soweto angempigia binti yake kelele kuhusu tarehe ile mpaka majirani waikariri. Shule yoyote, hata ile mbovu, ingemwandikisha. Binti mwingine naye angeuliza siku ya kwanza, bila kujua hata hesabu moja. Ilihitaji mama aliyemheshimu mtoto kiasi kile, na mtoto aliyefundishwa kutouliza mpaka afike mwisho wa uwezo wake, ili mlango ufungwe huku wote wawili wanautazama. Na kilichopotea ni mwaka mzima wa msichana mwenye akili.

Tangu hapo Lindiwe hakusema Kiswahili jikoni. Aliongea Kizulu, kwa adabu, “mama” kila mwisho wa sentensi, na hilo ndilo lililouma. Mama yake alimjibu kwa Kiswahili. Walikuwa kama watu wanaopitishiana vitu juu ya ukuta. Jioni moja mume alikuja chumbani kwangu, akakaa kitandani, akazungusha kofia yake mikononi, akaniomba nikatengeneze taa ya jikoni. Nikachukua vifaa. Nikawasha swichi: taa inawaka vizuri kabisa. Nikamtazama. Akanitazama. Nikapanda kwenye stuli, nikaifungua taa yote, nikaifunga tena polepole, huku nikiongea Kiswahili kwa sauti kuhusu kila skrubu, na Lindiwe amesimama chini ananipa plaizi. Ni kazi nzuri kuliko nyingi nilizolipwa.

Ndipo Mama Mwenye Nyumba alipoanza kuongea na sufuria.

Mara ya kwanza nilidhani anasali. Alikuwa anasugua sufuria kubwa ya ugali, amempa Lindiwe mgongo, akasema: “Wewe sufuria, nasikia kesho madereva wa teksi wanagoma. Anayekwenda mjini apande basi mapema.” Akasuuza, akaifunika. Kesho yake teksi ziligoma. Baada ya siku kadhaa akaiambia birika kwamba duka la vitabu Braamfontein linauza vya zamani kwa bei ya kutupa, mwisho Jumamosi. Kisha kikaango kikapewa habari kwamba kuna jirani, mstaafu, aliyefundisha fizikia maisha yake yote, siku hizi anakaa bure barazani. Hakuna aliyeambiwa la kufanya. Hakuna aliyesaidiwa. Vyombo vilikuwa vinapashwa habari, basi.

Nilimwambia, “Mama, huko ni kufundisha.”

“Nani kafundisha? Naongea na vyombo vyangu. Wewe huongei na waya zako?”

Nikamwambia waya zangu hazina binti anayesikiliza. Akanirushia kitambaa cha kukaushia vyombo.

Baridi ilikuwa imeanza, watu wamevaa makoti ndani ya nyumba, alipoiambia sufuria kwamba maharage ya leo yanataka chumvi kidogo lakini yeye mkono wake haujui tena kipimo. Lindiwe alikuwa mezani. Bila kuinua kichwa, akasema kwa Kiswahili: “Mwambie sufuria nimeweka tayari.” Mama yake alishika ukingo wa sinki. Akamwambia sufuria asante.

Desemba iliyofuata sufuria ilijulishwa tarehe ya mwisho ya usajili, mara ya kwanza asubuhi, mara ya pili mchana, na mara ya tatu na Neema aliyeagizwa akaikumbushe. Lindiwe alijiandikisha siku dirisha lilipofunguliwa. Mwisho wa mwaka 2018 akafanya mtihani, na matokeo ya Januari yalikuwa mazuri. Hesabu nilizomsimamia mimi ndizo zilizoongoza, na hilo si siri mtaani. Gogo alikuja katikati ya wiki, bila kofia, akaishika ile karatasi dakika nyingi. Kisha akamchukua mjukuu wake akakae naye siku chache, amtembeze kwa rafiki zake wa kanisani mmoja mmoja.

Nimalizie na siku ninayoikumbuka kuliko zote, ya wiki hiyohiyo. Chuo kilikuwa kinapokea wanafunzi wanaokuja bila kuitwa, nafasi chache, anayewahi ndiye anayepata. Nilikuwa naenda kazini kupitia Braamfontein, saa kumi na mbili asubuhi, lami bado mbichi kwa mvua ya usiku. Nikaona foleni ya vijana na wazazi imetoka getini, imezunguka kona, imepotea. Mbele kabisa, wa tano au wa sita kutoka getini, alisimama Mama Mwenye Nyumba. Alikuwa amevaa jaketi la kazi la mumewe, mikono imepita vidole. Alikuwa amekuja na basi la kwanza kabisa, la mumewe mwenyewe.

Nikamwamkia. Akaitikia kama tuliokutana sokoni.

“Lindiwe yuko wapi, Mama?”

“Yuko kwa bibi yake. Kaambiwa geti linafunguliwa saa mbili, atakuja saa mbili.” Akatazama foleni nyuma yake. “Hajawahi kupanga foleni ya shule maishani mwake. Atajulia wapi?”

Sufuria zilikuwa Soweto na binti alikuwa kwa Gogo. Nilielewa. Nikamwambia basi, nimefurahi kumwona hapo, Lindiwe akija atafurahi zaidi.

“Hatanikuta,” akasema. “Una kazi leo, Stashahada?”

“Ninayo.”

“Naomba ichelewe. Simama hapa. Akija mwambie ulikuja wewe.”

Miaka yote ile nilikuwa sijamsikia akimwomba mtu kitu. Nikamuuliza kwa nini asibaki mwenyewe, mama na binti yake, siku kubwa namna hii.

“Akiniona hapa atajua nilidhani hataweza.”

“Na ulidhani hivyo?”

“Nilidhani hivyo usiku kucha,” akasema. “Shika.”

Akanipa bakuli la plastiki lenye mfuniko, la moto. Mwanamke aliyekuwa nyuma akaanza kulalamika kwamba watu wanabadilishana. Mama akamgeukia kwa Kizulu, akamwambia mimi ni mdogo wake, nimechelewa kuamka kama kawaida yangu. Wote wakacheka, wakaniruhusu. Akavuka barabara akikunja mikono ya jaketi, akaingia kwenye basi, hakugeuka.

Saa mbili kasoro Lindiwe akatokea kwenye kona, anatembea taratibu, bahasha kifuani. Alipoiona foleni akasimama. Niliuona uso wake ukishuka kama siku ile dirishani Marshalltown. Nikainua mkono, nikamwita kwa sauti ya fundi aliye juu ya paa. Akaja mbio.

“Anko! Umenishikia wewe? Tangu saa ngapi?”

“Tangu alfajiri,” nikasema, kifua mbele.

“Eish. Shapu, Anko. Asante sana.”

Geti likafunguliwa, mlinzi akapita akigawa vipande vya namba. Lindiwe akapata chake. Vipande vikaisha kabla mlinzi hajafika kwenye kona, na waliokuwa nyuma yake wakaanza kutawanyika. Lindiwe aliwatazama wakiondoka, kisha akakitazama kipande chake, akakifunga ndani ya ngumi.

Nikampa bakuli, nikamwambia ale wakati tunangoja kuitwa. Akafungua. Zilikuwa chapati, zile za jikoni kwao, zenye vitunguu vilivyokandwa ndani ya unga, zimekunjwa mara mbili. Akamega, akatafuna, akaacha kutafuna. Akatazama ng'ambo ya barabara, kwenye kituo cha basi. Hapakuwa na mtu. Akanitazama mimi, na mimi nikaitazama sana kofia ya mtu aliyekuwa mbele yetu.

Akakata chapati, nusu akanipa.

“Unapika vizuri siku hizi, Anko,” akasema.

Nikamwambia nimejifunza mwenyewe.